Chukudu Isiyo na Chini

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, ukumbi mmoja wa Himbi,
mtu akaandika neno moja ubaoni: MZIGO.
Basi. Saa arobaini na nane
za kuligeuza neno hilo kuwa mchezo wa kompyuta.
Wenyewe huiita jamu.
Mama aliposikia akauliza nani analeta mkate.

Mimi ni Masika, nabadilisha vioo vya simu
pale Birere, meza ya tatu ukitoka kwa wauza mitumba.
Msimbo nilikuwa nimeandika mstari mmoja maishani,
ule wa kusalimia dunia.
Dunia iliitikia, ikanyamaza.

Wenzangu: Byaombe, ambaye anajua kuchora mbuzi tu,
na Nsimire, mwenye kompyuta iliyong'oka kitufe cha A.
Jaribu kuandika chochote bila A.
Tulinakili moja kutoka kwenye barua ya zamani,
tukawa tunaibeba kama kaa la kuombea moto kwa jirani,
hapa, na hapa, na hapa.

Tukakubaliana: chukudu.
Inashuka kutoka Kibumba na magunia sita ya viazi,
isipinduke. Ni hayo tu.

Saa nane usiku tukaiachilia.
Haikupita juu ya barabara, iliipenya.
Ikazama kwenye lami, kwenye mawe meusi,
ikaendelea kushuka, viazi na vyote,
kimya,
mpaka namba za mahali ilipo zikawa ndefu kuliko kioo.

Nsimire alicheka hadi akajilaza sakafuni.
Mimi sikucheka.
Kumbe mashine haijui kwamba ardhi ni ardhi.
Sharti uiambie: wewe, hapo, uwe ngumu.
Na jiwe la pili uliambie. Na la tatu.
Nami mzaliwa wa Goma,
niliyeonyeshwa mahali ardhi ilipopita ikiwa uji wa moto,
ikachukua jiko, ikachukua choo cha jirani,
ikapoa, baba akasimamisha mbao juu yake,
nimesahauje jambo kama hilo?

Jumamosi umeme ukaenda zake.
Kinyozi Kakule akatuuzia tundu moja la jenereta yake,
franga elfu moja kwa saa.
Kila alipowasha mashine ya kunyolea
kioo chetu kilikonyeza.
Tuliandika kati ya kichwa na kichwa.
Ardhi ikawa ngumu saa tisa alasiri,
wakati mtoto mmoja ananyolewa huku analia.

Jumapili kaka yangu Muhindo akaja kujaribu.
Yeye chukudu ndiyo kazi yake, miaka saba.
Akaanguka mara tatu. Akaweka kompyuta kando.
«Hii haiko chukudu.
Ukifunga breki, mupira inanuka. Hii yenu inanuka nini?»

Hakuna kitufe cha harufu, nilitafuta.
Byaombe akachora moshi nyuma ya gurudumu.
Ulitoka kama mbuzi.
Tukauacha.

Zikiwa zimebaki dakika nne tukautuma,
kwa megabaiti za simu ya mteja
ambayo ilipaswa kurudi kwake tangu juzi.
Mungu anisamehe, na yule mama pia.
Tulikuwa wa kumi na tisa
kati ya ishirini na mmoja. Wale wawili wa nyuma
hawakutuma kitu.

Jumatatu niko mezani, bisibisi mkononi,
macho kama yamepakwa pilipili.
Muhindo akapita na mbao za kweli,
kifua juu ya usukani, goti kwenye kiraka chake cha tairi.
Akapiga mluzi. Hakusimama,
mzigo wa namna ile hausimamishwi kwa salamu.

Alipopotea nikakanyaga chini,
taratibu, mara mbili,
kuhakikisha.